Wasomaji Wanauliza: Mkubwa Ajifunze Nini kwa Mtoto?

Toleo lililopita ukurasa huu uliwajibu wazazi wa watoto wa miaka 2 hadi 6. Barua zilizofuata zimeligeuza swali. Wasomaji wanataka kujua kama yapo ya kujifunza kwa watoto hao hao, na yatamfaaje mtu mwenye kazi, madeni na familia. Tumechagua barua tisa na kuzifupisha.

SWALI: Kwenye semina za kazini naambiwa niwe kama mtoto, na kanisani vilevile. Nina miaka 41, ni mhasibu, nina watoto watatu. Hasa natakiwa nifanye nini? (Mama wa watatu, Morogoro)

JIBU: Dada yetu, ushauri huo ukitolewa bila maelezo haumsaidii mtu. Wengi husikia kwamba wanatakiwa wafurahi tu, maana wanaamini mtoto hufurahi kwa kuwa hajui lolote. Mkalie saa nzima mtoto wa mwaka mmoja na nusu, utaona mchapakazi. Mwaka 2012 Karen Adolph wa Chuo Kikuu cha New York na wenzake walichapisha hesabu ya watoto wa miezi 12 hadi 19 waliokuwa wakicheza kwa uhuru. Kwa wastani, mtoto alipiga hatua 2,368 kwa saa na kuanguka mara 17 ndani ya saa hiyo hiyo. Hakuna aliyemtuma wala kumlipa.

Anaweza hivyo kwa sababu mzigo wake umebebwa na wengine. Mwanasaikolojia Alison Gopnik wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, anaueleza utoto kuwa ni muda wa kujaribu na kuchunguza, ambao binadamu hupewa chini ya ulinzi wa wakubwa. Ugali wa usiku haumtegemei mtoto, kwa hiyo akikosea leo hakuna anayelala njaa. Wewe ukikosea kwenye hesabu za mshahara, watu watalala njaa kweli. Ndiyo maana hatukushauri uishi kitoto siku nzima. Tenga kipande cha siku ambamo kukosea hakumgharimu mtu kitu: muda wenye mwanzo na mwisho, tuseme dakika 20, vifaa vya bei ndogo, na mtu mwingine ashike simu yako au mtoto mchanga. Asipokuwepo wa kukupokea mzigo kwa dakika hizo, zoezi halitafika wiki ya pili. Hilo tumeliona likiwaangusha watu wengi kuliko uvivu.

Kwa kazi yako, anza hivi. Nakili faili la hesabu, nakala uipe jina lingine, kisha ivuruge upendavyo: badili kanuni za hesabu, futa safu, jumlisha visivyojumlishwa, uone kinachotokea. Faili halisi usiliguse. Na takwimu zikikataa kulingana, andika angalau sababu mbili zinazowezekana kabla ya kuanza kurekebisha, na moja iwe ya mambo mawili kutokea kwa pamoja. Tuna sababu ya kusisitiza hili. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, ambao Gopnik alikuwa mmoja wa waandishi wake, watoto wa miaka 4 na 5 walishindanishwa na wanafunzi wa chuo kikuu kutambua jinsi mashine fulani inavyowashwa kwa kuwekewa vitu juu yake. Pale ilipohitaji vitu viwili kwa pamoja, watoto waliitambua kanuni vizuri zaidi. Wakubwa waliendelea kuamini kwamba kitu kimoja peke yake ndicho kinachoiwasha, kwa kuwa ndivyo vifaa walivyovizoea vinavyofanya kazi.

SWALI: Nimehamishiwa idara mpya. Mikutanoni sielewi nusu ya yanayosemwa, na naogopa nikiuliza nitaonekana sijui kazi. Mwanangu wa miaka 4 huuliza mpaka usingizi umchukue. Nimuige vipi bila kujishushia hadhi? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Sote husema kuuliza si ujinga, kisha humcheka aliyeuliza. Hofu yako ina msingi, kwa hiyo hatutakwambia uipuuze. Tazama kwanza mtoto anavyouliza. Mwaka 2007 Michelle Chouinard alichambua mazungumzo yaliyorekodiwa ya watoto wanne na wakubwa wao, akakuta mtoto huuliza kwa wastani maswali zaidi ya 70 ya kutaka kujua jambo katika kila saa ya mazungumzo. Miaka miwili baadaye Brandy Frazier, Susan Gelman na Henry Wellman walionyesha jambo ambalo kwetu ni kubwa zaidi. Mtoto akipewa sababu, hukubali au huuliza linalofuata. Akipewa jibu lisilo na sababu, hulirudia swali au hutoa sababu yake mwenyewe. Kumbe anachokitafuta ni chanzo cha jambo, na hadanganyiki kwa maneno matupu.

Kwako wewe, uliza kuhusu kitu kilicho mbele ya macho ya wote. "Namba hii ya safu ya tatu imetoka wapi?" hujibika kwa nusu dakika, wakati "Naomba mnieleze mfumo mzima" huwachosha watu na kukuanika. Kisha tanguliza dhana yako: "Nadhani mauzo yameshuka kwa sababu mzigo ulikwama bandarini. Ni hivyo, au kuna lingine?" Dhana ikiwa si sahihi utasahihishwa, na aliyekusahihisha atakuwa ameona kwamba umefikiri. Ukijibiwa "ndivyo tunavyofanya siku zote", usiondoke. Uliza nini kitaharibika kama hatua hiyo ikiachwa.

Yapo ya kuangalia. Mtoto akisema "kwa nini" hakuna anayehisi kushitakiwa, lakini kati ya wakubwa neno hilo huwa na ncha. "Kwa nini ripoti imechelewa?" ni lawama. "Inakuwaje ripoti hutoka tarehe 10?" ni swali. Pia usimuulize mkubwa wako mbele ya watu jambo litakalofichua kosa lake. Mfuate kabla au baada ya kikao, dakika tano zinatosha, na heshima yake itabaki. Na usimwage maswali kumi kwa pamoja. Mtoto huuliza moja, hupokea jibu, ndipo huja na la pili. Andika matatu kwenye daftari, uliza moja mkutanoni, mawili yapeleke kwa mtu mmoja baadaye. Fanya hivi sasa, ungali mgeni. Mgeni husamehewa kutojua, lakini baada ya miezi sita swali lile lile litawashangaza watu.

SWALI: Nina miaka 47 na sijawahi kuendesha baiskeli. Nimejaribu, nimeanguka mara mbili mbele ya vijana wa kijiweni, nimeacha. Wajukuu wa dada yangu walijua kwa siku chache tu. Je, umri umenipita? (Mama, Shinyanga)

JIBU: Haujakupita, mama. Ulichokosa ni mazingira ambayo watoto hupewa bila kuyaomba. Mtoto huanguka mara 17 kwa saa na kuendelea kwa sababu yuko karibu na ardhi, mwendo wake ni mdogo, na waliopo humwinua bila kumcheka. Wewe ulianguka kutoka juu, kwa uzito wa mtu mzima, mbele ya watu wanaocheka. Basi tuyarudishe hayo matatu.

Tafuta baiskeli ya kike, ile isiyo na bomba la juu, ili uweze kushuka upesi. Shusha kiti mpaka nyayo zote mbili zikae bapa chini na magoti yapinde kidogo. Kisha ondoa pedeli zote mbili kwa spana namba 15. Elekeza mkono wa spana juu, halafu uvute kuelekea nyuma ya baiskeli. Pande zote mbili hulegea hivyo hivyo. Pedeli ya kushoto hufungwa kinyume na ya kulia, na wengi huiharibu kwa kuilazimisha upande waliouzoea. Hakikisha breki zote mbili zinashika, na tairi zimejaa upepo.

Chagua mteremko mdogo sana wa mita 20 au 30 unaoishia kwenye tambarare. Moramu iliyoshindiliwa inafaa. Mchanga mwingi hunasa tairi, na nyasi ndefu huua mwendo. Nenda alfajiri, na mtu mmoja tu ambaye una hakika hatakucheka. Vaa viatu vilivyofunika vidole, na nguo isiyoweza kuingia kwenye cheni. Kofia ngumu ikipatikana, ivae.

Kaa kwenye kiti utembee kwa miguu, ukiisukuma baiskeli chini yako. Ukizoea, refusha hatua. Kisha inua miguu yote miwili, uhesabu moja, mbili, tatu, uirudishe chini. Macho yatazame mita kama kumi mbele. Wakubwa hutazama tairi la mbele, na hapo ndipo huyumba. Kosa la pili ni la usukani. Baiskeli ikilalia kushoto, pinda kidogo kushoto hivyo hivyo, tairi lirudi chini ya mwili wako. Mkubwa aliyeingiwa na hofu hupinda upande wa pili na kuanguka. Kosa la tatu ni kwenda polepole mno. Baiskeli husimama kwa mwendo, kwa hiyo ukifunga breki kila mara hutapata mizani kamwe. Msaidizi akimbie pembeni, akushike bega au kiti. Usukani asiuguse hata mara moja, maana akiushika yeye ndiye anayejifunza.

Fanya dakika 20 hadi 30, upumzike hadi kesho. Usingizi huimarisha kile mwili ulichokifanya mchana, na kulazimisha saa tatu mfululizo huleta uchovu, na uchovu ndio unaoangusha. Utakapoweza kuteleza sekunde tano bila kuweka mguu chini, mara kadhaa mfululizo, rudisha pedeli. Pedeli ya mguu wako wenye nguvu iwe mbele, juu kidogo, uikanyage kwa uthabiti huku ukitazama mbele. Ukishaendesha mstari ulionyooka, jifunze kuzunguka miti na kusimama ghafla. Watoto wa utafiti wa Karen Adolph nao hawakutembea kwenye mstari mmoja. Walipinda, walirudi nyuma na kuzunguka viti, na kubadilisha huko ndiko kunakoufundisha mwili. Kiti kipandishe baadaye kabisa. Barabara ya magari isubiri mpaka uweze kutazama nyuma bila kuyumba.

Kama umewahi kuvunjika mfupa, au daktari amekwambia mifupa yako ni dhaifu, muulize kwanza.

SWALI: Kila asubuhi nampeleka binti yangu wa miaka 4 chekechea kwa miguu. Ni mwendo wa dakika 12, yeye huufanya 30. Anasimama kwa kila kijiti. Nasikia ninyi mnasema ana la kunifundisha. Kazini nitasemaje? (Baba, Dodoma)

JIBU: Kazini sema umefika kwa wakati. Siku nne za juma ziwe za kwenda, siku moja iwe ya kutazama, na mwambie binti mapema siku hiyo ni ipi. Mtoto wa miaka 4 huweza kulishika agano la namna hiyo likirudiwa kila asubuhi.

Kuna sababu ya yeye kuona usichokiona. Mwaka 2017 Daniel Plebanek na Vladimir Sloutsky wa Chuo Kikuu cha Ohio State waliwaonyesha watoto wa miaka 4 na 5 pamoja na wakubwa maumbo mekundu na ya kijani yaliyopandana, wakawaambia wafuate rangi moja tu. Kwenye rangi waliyoambiwa waifuate, wakubwa walifanya vizuri zaidi. Kwenye rangi ambayo hawakuambiwa waiangalie, watoto waligundua mabadiliko mara 77 kati ya 100, wakubwa mara 63. Uangalifu wako huchuja, na wa mtoto bado hauchuji sana. Wako ndio unaokuvusha barabara salama, kwa hiyo usiudharau. Ila huo huo hukupitisha mahali pamoja mwaka mzima bila kujua pana nini.

Siku ya kutazama, ondokeni dakika 20 mapema. Mshike mkono, yeye awe upande wa ndani, mbali na magari, lakini pa kusimama achague yeye. Akisimama, chuchumaa. Mtoto wa miaka 4 ana urefu wa kama mita 1, na macho yake yanaona chini ya meza ya genge, tumbo la jani na njia ya sisimizi ukutani. Muulize "Unaona nini?" kisha nyamaza mpaka ajibu, hata kama ni sekunde kumi. Mkikuta kifauwongo, aguse jani, kisha mkae hapo mpaka lifunguke tena, jambo la dakika chache. Penye mashina ya vijani vyake pana vifundo vyenye seli zilizojaa maji. Ukigusa, maji huhama upande mmoja haraka na vijani hulala. Wakubwa wengi wanajua kwamba hulala, lakini wachache wamewahi kusubiri kuona viamke.

Simu ibaki mfukoni. Ukianza kutafuta pembe nzuri ya picha, umeshaacha kutazama. Usigeuze kila kituo kuwa somo la majina pia. Na kama unataka ushahidi kwamba hili linamfaa hata mkubwa asiye na mtoto: mwaka 2020 Virginia Sturm na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walieleza matokeo ya wazee waliotembea dakika 15 kwa juma kwa majuma 8. Nusu yao waliombwa watafute njiani mambo ya kushangaza. Hao ndio walioeleza kuwa na hisia njema zaidi, na kwenye picha walizojipiga, juma hadi juma, sura zao zilizidi kuchukua nafasi ndogo na mandhari ikazidi kuonekana.

SWALI: Nafuma vitambaa vya makochi jioni ili nipumzike. Kila anayeviona ananiambia niuze. Nifanye hivyo? (Dada, Iringa)

JIBU: Uza, ila usiuze vyote. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichukua watoto wa chekechea waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi, wakawaahidi baadhi yao cheti chenye utepe wakichora. Wiki moja au mbili baadaye, kalamu zilipoletwa tena bila zawadi, waliokuwa wameahidiwa cheti walichora kwa karibu nusu ya muda wa wengine. Waliopewa cheti kwa kushtukiza, bila kuahidiwa, hawakupungukiwa. Kwa hiyo tenganisha. Nyuzi za oda ziwe kwenye mfuko wake, na siku zake na bei yake. Nyuzi zako mwenyewe ziwe na mfuko mwingine, rangi uzitakazo, na kitambaa hicho usikitaje bei hata kwa mzaha. Mteja akikitamani, mfumie kingine.

SWALI: Nafundisha darasa la kwanza, watoto zaidi ya 70, zana hakuna. Mawazo yameniisha. (Mwalimu, Kigoma)

JIBU: Mwalimu, jaribu zoezi hili kabla ya kuandaa somo. Kwa dakika 10 andika ungefanya nini leo kama ungekuwa na miaka 7 na shule imefungwa. Andika kwa nafsi ya kwanza: "Nina miaka 7, leo shule imefungwa..." Darya Zabelina na Michael Robinson walifanya hivyo na wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani mwaka 2010. Walioandika wakijiona wana miaka 7 walitoa, kwenye jaribio lililofuata, mawazo yasiyo ya kawaida kuliko walioandika kwa umri wao.

Baada ya hapo weka mezani kitu kimoja, tuseme chupa ya maji ya lita 1.5. Usikitaje jina wala kazi yake. Andika sehemu zake na sifa zake tu: kifuniko chenye miduara ndani, shingo nyembamba, mwili unaopitisha mwanga, kitako chenye mabonde, hukatika kwa mkasi, huelea. Kisha orodhesha matumizi 15. Matano ya mwanzo yatakuwa yale yale ya kila siku, kwa hiyo usiishie hapo. Usifute hata moja mpaka ufike 15, kwani kuhukumu katikati ndiko kunakokausha. Utapata kipimo cha ujazo kilichowekwa alama kwa kikombe cha nusu lita, faneli ya shingo, sahani tano za mabonde ya kuhesabia mbegu, na vifuniko vya herufi vya kupanga maneno.

Majina hutufunga. Tim German na Margaret Defeyter walichapisha mwaka 2000 jaribio ambamo mtoto alihitaji kugeuza sanduku liwe kitu cha kukanyagia. Watoto wa miaka 6 na 7 walioonyeshwa kwanza sanduku likiwa na vitu ndani walichelewa kuliona kwa kazi nyingine. Wale wa miaka 5 hawakuchelewa. Kwa hiyo vile vitoto vyako 70 ndio msaada ulionao. Wape chupa hizo siku moja kabla ya somo, uangalie wanazifanyia nini.

SWALI: Watoto wangu na wa jirani hugombana saa nne, saa tano wanacheza pamoja. Mimi na jirani huyo tumenuniana mwaka wa pili kwa ajili ya mtaro wa maji. Wao wanajua nini nisichokijua? (Mama, Mombasa)

JIBU: Wanajua kwamba mchezo hauendi bila wawili. Anayeruka kamba anahitaji mtu wa kuizungusha, kwa hiyo hurudi bila kikao wala kamati. Wakubwa tunataka kesi iishe kwanza ndipo tuzungumze, na kesi isiyozungumzwa haiishi.

Anza na salamu, kila siku, hata asipoitikia, bila kuongeza neno. Baada ya juma moja au mawili, azima kitu kidogo, ungo au ndoo, ukirudishe siku hiyo hiyo kikiwa kisafi. Kisha pendekeza kazi inayowafaa wote wawili. Mtaro wenyewe unafaa, usafishwe kabla ya mvua za masika. Mkiwa na majembe mkononi, jambo lile likija lizungumzwe, moja tu, bila kufukua ya ndugu na ya ukoo. Wagombanao ndio wapatanao, ila hupatana wakifanya kitu. Na usiwatume watoto kupeleka ujumbe wa ugomvi. Urafiki wao ni mali yao.

Njia hii haifai penye kipigo, deni kubwa au mpaka wa shamba. Hayo yapelekwe kwa wazee na kwenye mamlaka. Tunaongeza jambo moja kwa mkazo: watu husema "watoto husahau" na hulitumia kuhalalisha kumpiga au kumtukana mtoto. Mtoto hurudi kucheza na mwenzake kwa sababu walikuwa sawa. Aliyeumizwa na mkubwa anayemtegemea hubaki na jeraha, hata akionekana anacheza.

SWALI: Asalaam aleikum. Mtoto hulilia wembe, na hajui la kesho. Tangu lini mdogo akamfunza mkubwa? Naona mnageuza mambo. (Mzee, Pemba)

JIBU: Waaleikum salaam, na shikamoo mzee wetu. Unalolisema ni kweli kwa sehemu kubwa, na tungependa wasomaji wote walisikie. Mtoto wa miaka 3 kwa kawaida hajaelewa vizuri kwamba mwenzake aweza kuamini jambo tofauti na analolijua yeye. Uelewa huo huja karibu na miaka 4. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayozuia pupa na kupima matokeo, huendelea kukomaa hadi baada ya miaka 20. Mkubwa anayeiga pupa hiyo, anayenyang'anya akitaka na kulia akinyimwa, hajajifunza kwa mtoto. Ameacha kukua.

Na subira hufunzwa na wakubwa. Mwaka 2018 Bettina Lamm na wenzake walilinganisha watoto wa miaka 4 wa jamii ya Nso nchini Kamerun na wa Ujerumani. Mtoto aliwekewa kitafunwa, kwa Wanso andazi dogo la kwao, akaambiwa asipokila mpaka mkubwa arudi atapewa cha pili. Ilikuwa kusubiri dakika 10. Kwa Wanso karibu 70 kati ya 100 walisubiri, kwa Wajerumani 28. Watafiti waliyahusisha matokeo na malezi ya Wanso, ambayo husisitiza tangu utotoni kuwaheshimu wakubwa na kujizuia.

Tunachokiomba ni kidogo, mzee. Nyuma ya kile kilio cha wembe kuna udadisi, na udadisi huo mkubwa anaweza kuuazima kwa saa moja, wembe ukiwa juu ya kabati.

SWALI: Nimestaafu, naishi peke yangu, wajukuu wako mbali. Nitajifunzaje kwa watoto nisio nao? (Mstaafu, Arusha)

JIBU: Anza na wazazi, mzee wetu. Mwombe jirani ruhusa kwanza, umweleze utakaa wapi na kwa muda gani. Mkae uani, mahali panapoonekana na wote, kamwe si chumbani, na watoto wawe wawili au zaidi. Usibebe peremende wala pesa. Utawafanya waje kwa ajili ya hizo, na utamtia mzazi wasiwasi wa haki.

Beba sanduku la kadibodi, kamba ya mita 2 na vizibo 30 vya soda. Kaa kwenye mkeka, kimo chako kiwe sawa na chao, na kwa dakika kumi za mwanzo usiseme kitu. Watakupa kazi: mgonjwa, abiria, mteja. Ipokee kama ilivyo, ufuate kanuni zao hata zikibadilika katikati, wala usiwasahihishe. Swali lolote ambalo jibu lake unalijua tayari, liache. Nusu saa inatosha. Waambie dakika tano kabla ya kuondoka, ili wakutafutie mwisho ndani ya mchezo.

Kamba uondoke nayo. Na kama kati yao kuna aliye chini ya miaka 3, vizibo na kamba vibaki nyumbani, maana kizibo humkaba. Beba bakuli mbili za plastiki na mwiko.